Selo ya Sheku na Ngazi Aliyopandia

Walio wengi walimfahamu kijana Sheku Kanneh-Mason kwa sababu ya harusi. Tarehe 19 Mei, 2018, katika kanisa la Mtakatifu George lililomo ndani ya ngome ya Windsor, mjukuu wa Malkia wa Uingereza alimwoa Bi Meghan Markle wa Marekani. Maarusi walipokwenda kutia saini zao katika daftari la ndoa, kijana mweusi wa miaka 19 aliketi akiwa na ala kubwa ya nyuzi baina ya magoti yake, akapiga vipande vitatu kimoja baada ya kingine. Mamilioni ya watu waliokuwa wakitazama televisheni waliulizana: ni nani huyu? Kesho yake magazeti yalijaa jina lake.

Safu hii haina ugomvi na harusi ya mtu. Lakini kumweleza kijana huyu kwa harusi ile ni sawa na kumweleza nahodha kwa siku ya sikukuu ambapo chombo chake kilitiwa bendera, ukaiacha miaka yote aliyopambana na kusi na kaskazi. Mtu anayetaka kujua Sheku ni nani, na zaidi anayetaka kujua kijana wa namna ile hupatikanaje, hana budi kurudi nyuma miaka miwili kabla ya harusi, hadi usiku wa tarehe 15 Mei, 2016, katika ukumbi wa Barbican mjini London.

Kwanza, kwa wasomaji ambao hawajapata kuiona ala yenyewe, inafaa tuieleze. Selo ni jamaa ya fidla, ila ni kubwa mno kiasi kwamba haiwekwi begani. Mpigaji huketi kitini, akaisimamisha mbele yake juu ya kijiti cha chuma kilichochomoza chini, akaikumbatia kwa magoti, kisha akazivutia uta nyuzi zake nne. Sauti yake huanzia pale anapoimba mwanamume mwenye koo zito, ikapanda mpaka mahali anapoimba mwanamke, na ndiyo sababu ya wengi kusema kwamba hakuna ala iliyo karibu zaidi na sauti ya binadamu. Wapenzi wa taarabu ya Unguja hawana haja ya maelezo haya. Wao wameiona selo katika vikundi vikubwa kwa miaka mingi, imekaa nyuma ya fidla na kanuni, ikiubeba uzito wa wimbo kutoka chini. Tofauti ni kwamba katika taarabu selo ni mtumishi wa wimbo na wa mwimbaji. Katika muziki wa Ulaya uitwao wa klasiki, kuna tungo ambamo selo ndiyo msemaji mkuu, na okestra nzima hukaa kuisikiliza, kuijibu, na pengine kuipinga. Utungo wa namna hiyo huitwa koncheto.

Usiku ule wa Barbican ulikuwa wa fainali ya mashindano ya Mwanamuziki Kijana yanayoendeshwa na Shirika la Utangazaji la Uingereza, yaani BBC. Sheku alikuwa na umri wa miaka 17. Alipanda jukwaani mbele ya okestra ya BBC iliyoongozwa na Mark Wigglesworth, akapiga koncheto ya kwanza ya selo ya Dmitri Shostakovich, Mrusi aliyeitunga mwaka 1959.

Utungo huo si mchezo. Hauna utangulizi wa kumpa mpigaji nafasi ya kuvuta pumzi. Selo huanza yenyewe, sauti nne fupi, kavu, kama mtu anayebisha mlango usiku wa manane, na sauti hizo nne hurudi tena na tena mpaka msikilizaji akose raha. Mtunzi hakuweka tarumbeta hata moja katika okestra yake. Ameacha baragumu moja tu, nalo husemezana na selo kama masahaba wawili walionusurika. Halafu katika sehemu ya tatu okestra yote hunyamaza. Dakika zinapita, na selo imebaki pale peke yake, hakuna ngoma wala fidla ya kulifunika kosa. Shostakovich alikuwa mtu aliyepata kulaaniwa hadharani na wakubwa wa nchi yake, mwaka 1936 na tena mwaka 1948, na inajulikana kwamba katika sehemu ya mwisho ya koncheto hii alikichomeka kipande cha wimbo aliokuwa akiupenda Stalin, lakini kwa kukivunjavunja hata asiyekuwa mwangalifu asikitambue. Kijana wa miaka 17 anayeuchukua utungo huo na kuufikisha kwa watu lazima awe na zaidi ya vidole vyepesi. Hana budi kuelewa hofu ni kitu gani, na mzaha wa mtu mwenye hofu ni kitu gani.

Shostakovich aliitunga koncheto hiyo kwa ajili ya rafiki yake Mstislav Rostropovich, mpigaji selo mkuu wa zama zake, ambaye aliihifadhi yote kichwani kwa siku 4. Habari hii husimuliwa kama muujiza. Sisi tuliolelewa chuoni, tukaanza kwa alifu iliyoandikwa ubaoni na kuendelea mpaka tukamaliza juzuu baada ya juzuu, tunaistaajabia lakini haitushangazi sana. Tunajua ya kuwa kuhifadhi si kukariri kwa kasuku. Ni kukiingiza kitu katika mwili mpaka ulimi uende wenyewe huku akili ikibaki huru kuzingatia maana. Mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kukukatiza katikati ya aya na kukutaka uendelee kutoka pale pale, asikuruhusu kurudi mwanzo kuchukua mbio. Aliyehifadhi kwa ulimi tu alikwama. Nadhani wapigaji wa selo wangemwelewa mwalimu yule.

Basi Sheku alishinda. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1978, na katika miaka 38 hakuwahi kushinda mtu mweusi hata mmoja mpaka usiku ule. Tutalirudia jambo hilo baadaye. Kwa sasa tumtazame kijana mwenyewe ametoka wapi.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili, 1999, katika mji wa Nottingham, katikati ya Uingereza. Wazee wetu waliujua mji huo bila ya kuufikia, kwani ndiko zilikokuwa zikitengenezwa baiskeli za Raleigh ambazo zilibeba wakulima, walimu na matarishi wa nchi hizi kwa miaka mingi. Baba yake, Stuart Mason, asili yake ni kisiwa cha Antigua katika bahari ya Karibi. Mama yake, Dkt. Kadiatu Kanneh, alizaliwa Sierra Leone kwa baba wa nchi hiyo na mama wa Wales, na baada ya baba yake kufariki alilelewa Wales. Wamezaa watoto saba, na wote saba ni wapigaji wa muziki: Isata na Jeneba piano, Braimah na Aminata fidla, Konya fidla na piano, Mariatu aliye mdogo wa wote selo kama kaka yake.

Msomaji wa mwambao atakuwa amekwisha kutabasamu. Majina haya ni yetu, ila yamevaa kanzu ya Afrika Magharibi. Isata ni Asha, Braimah ni Ibrahimu, Jeneba ni Zainabu, Aminata ni Amina, Mariatu ni Mariamu, Kadiatu ni Hadija. Na Sheku si mwingine ila ni Shehe. Majina hayo yalivuka jangwa pamoja na misafara, yakafika Sierra Leone, yakapanda meli mpaka Wales, na sasa yamechapwa katika majarida ya kumbi za muziki za Ulaya, ambako wasomaji wengi hawajui yalikoanzia.

Kijana huyu aliyepiga mbele ya wafalme hakusoma katika shule za matajiri. Nchini Uingereza watoto wanaosoma katika shule za ada ni takriban asilimia 7 tu, lakini katika muziki wa klasiki idadi yao ni kubwa kupita kiasi, kwa sababu shule hizo zina walimu wa ala, vyumba vya mazoezi na okestra zao wenyewe. Sheku na ndugu zake walisoma katika shule za umma. Yeye alianza na fidla kwa muda mfupi, akaigeukia selo akiwa na umri wa miaka 6. Alipofika miaka 9 alifaulu mtihani wa Daraja la 8, ambao ndio wa juu kabisa katika madaraja ya kawaida ya kupiga ala, na ambao vijana wengi hawaufikii mpaka wanakaribia kumaliza sekondari. Umri huo huo wa miaka 9 alipata ufadhili wa kusoma katika kitengo cha watoto cha Royal Academy of Music, chuo kilichoanzishwa London mwaka 1822.

Kitengo hicho husomesha siku ya Jumamosi. Kutoka Nottingham mpaka London ni safari ya takriban kilomita 200. Kwa hiyo kila Jumamosi ya muhula, wakati wenziwe wamelala au wanacheza mpira, mtoto huyu alikuwa katika garimoshi la alfajiri linaloishia stesheni ya St Pancras, sanduku la selo ubavuni, na jioni alirudi njia ile ile. Jumatatu alikuwa darasani pamoja na watoto wengine wa mtaani kwake. Hivyo ndivyo alivyoishi mpaka akamaliza sekondari katika shule ya Kikatoliki ya Trinity, ambayo ni shule ya umma.

Mama yake alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Birmingham, akaiacha kazi hiyo ili alee. Mwaka 2020 alitoa kitabu kiitwacho House of Music kinachosimulia malezi hayo, na anayekisoma haoni ndani yake miujiza. Anaona ratiba. Anaona nyumba ya kawaida ambamo kila chumba kina mtoto anayefanya mazoezi na kila senti ina mahali pake. Kwetu mzazi akimwona mwanawe ameshika udi au fidla zaidi ya mwaka mmoja, huanza kuuliza ni lini ataacha. Katika nyumba ile swali lilikuwa ni nani atamaliza mazoezi kwanza ili chumba kipate nafasi.

Isidhaniwe kwamba mambo yalikuwa mepesi. Alipokuwa na umri wa miaka 12, Sheku alionekana kuwa na kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho mwili haufanyi insulini kabisa na mgonjwa hana budi kuitia kutoka nje maisha yake yote. Sukari ikishuka, mikono hutetemeka na mawazo huchafuka. Na mkono unaotetemeka hauwezi kuushika uta. Kwa hiyo mwanamuziki huyu, kabla ya kupanda jukwaani, hupima zaidi ya nyuzi zake. Yeye mwenyewe hakuuficha ugonjwa huo. Amejitokeza kuwa balozi wa taasisi inayoshughulikia maradhi hayo, ili watoto wenye hali kama yake wajue kuwa njia haijafungwa.

Baada ya ushindi wa 2016 milango ilifunguka kwa haraka. Kampuni ya sahani za muziki ya Decca ilimwandikisha mkataba. Agosti 2017 alipiga kwa mara ya kwanza katika tamasha kubwa la kila mwaka la London liitwalo Proms. Sahani yake ya kwanza, Inspiration, ilitoka Januari 2018, na ndani yake, karibu na Shostakovich, aliweka wimbo wa Bob Marley alioupanga mwenyewe kwa selo. Wako walinzi wa mila wanaoona kwamba kuweka reggae ubavuni mwa Shostakovich ni kuchanganya ubani na bizari. Sisi hatuoni hivyo. Mtoto mwenye asili ya Karibi anayejua nyimbo za nyumbani kwao, akazitia katika ala aliyoisomea kwa miaka 12, hajachanganya lolote, amesema anakotoka.

Harusi ya Windsor ilifuata Mei mwaka huo huo, baada ya Bi Markle mwenyewe kumpigia simu na kumwalika. Januari 2020 ilitoka sahani ya pili yenye koncheto ya Edward Elgar, akiwa na London Symphony Orchestra na mwongozaji Simon Rattle. Ikaingia katika sahani kumi zinazouzwa zaidi Uingereza, za muziki wa kila aina, ikashika nafasi ya 8. Hakuna mpigaji selo aliyepata kufika hapo kabla yake. Mwaka huo huo alipewa nishani ya MBE.

Koncheto ya Elgar ina historia inayowatisha vijana. Mtunzi aliikamilisha mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ni utungo wa mzee anayeitazama dunia yake ikiondoka. Mwaka 1965 ilipigwa na kurekodiwa na binti wa Kiingereza aitwaye Jacqueline du Pré, mwenye umri wa miaka 20, kwa namna ambayo mpaka leo kila anayeigusa hupimwa kwayo. Bibi huyo alishikwa na maradhi ya mishipa ya fahamu, vidole vikapoteza hisia, akaacha kupiga hadharani mwaka 1973 akiwa na miaka 28, akafariki mwaka 1987 akiwa na miaka 42. Sheku amesema mara nyingi kwamba alikua akimsikiliza. Na yeye sahani yake ilitoka akiwa na miaka 20. Wapo waliosikia katika upigaji wake ukali mdogo kuliko wa du Pré, na huenda ni kweli. Lakini mtu akisikiliza sehemu ya tatu, ile ya polepole, atasikia kijana asiyelazimisha huzuni. Anaiacha ije yenyewe. Kwa maoni yetu hilo ni gumu zaidi kuliko kulia kwa sauti.

Jambo ambalo msikilizaji haliwazi ni ala yenyewe. Selo anayoipiga Sheku ilitengenezwa na Matteo Goffriller, fundi wa mjini Venice, katika mwaka 1700. Ala za fundi huyo ni chache, na bei yake ni fedha ambayo mwanamuziki wa kawaida hawezi kuipata hata akipiga kila usiku wa maisha yake. Sheku hakuinunua. Ameazimwa, kwa muda usiotajwa mwisho wake. Hivyo ndivyo ulivyo ulimwengu huo: ala bora humilikiwa na wenye mali au wakfu, nao humchagua wa kumwazima. Kijana anaweza kuwa na kipaji, walimu na bidii, bado akahitaji mtu wa kumwaminia mbao zenye umri wa miaka mia tatu. Na selo haiwekwi na mizigo katika ndege; hununuliwa kiti chake kama abiria. Hata hivyo, Desemba 2024, tiketi ya kiti cha pili ikiwa imekwisha kununuliwa, Sheku alikataliwa kupanda na selo yake, na tamasha lililokuwa likimngoja Toronto likafutwa.

Sasa turudi katika ile miaka 38.

Kuna watu husema kwamba muziki hauna rangi, na kwamba kumtaja Sheku kuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda ni kumpunguzia heshima. Maneno hayo ni matamu, lakini hesabu inayakataa. Mashindano yale hufanyika kila baada ya miaka miwili, na kila mara watoto wa nchi nzima huitwa. Ikiwa katika muda wa kizazi kizima hakutokea mshindi mweusi hata mmoja, kipaji hakikukosekana. Kilichokosekana ni njia ya kukifikisha kipaji ukumbini. Wala si kwamba Waafrika hawakuwahi kuonekana katika muziki huo wa Kiingereza. Samuel Coleridge-Taylor, aliyezaliwa London mwaka 1875, baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone, nchi ile ile ya babu yake Sheku. Utungo wake wa kwaya juu ya harusi ya Hiawatha, wa mwaka 1898, uliimbwa Uingereza nzima kwa miongo kadhaa. Yeye aliuza haki zake kwa mchapaji kwa malipo madogo ya mara moja, akafariki mwaka 1912 akiwa na umri wa miaka 37, huku wengine wakiendelea kula faida. Baada yake palikuwa kimya kirefu.

Mwaka 2015 Bibi Chi-chi Nwanoku, mpigaji wa kontrabasi ambaye baba yake ni Mnigeria na mama yake ni wa Ireland, aliunda okestra iitwayo Chineke! ambayo wanamuziki wake walio wengi ni weusi na wa makabila mengine yaliyokuwa hayaonekani katika majukwaa hayo. Sheku alikuwa miongoni mwao. Fikiri maana yake kwa kijana wa miaka 16: kuingia ukumbini kwa mara ya kwanza bila ya kuwa yeye na nduguze ndio pekee.

Na mtu asidhani kwamba ushindi ulimaliza yote. Septemba 2023 Sheku alialikwa kupiga katika usiku wa mwisho wa Proms, ambao kwa desturi humalizika kwa umma kuimba nyimbo za sifa za dola ya Kiingereza. Januari 2024, alipohojiwa katika redio, alieleza kwa upole kwamba wimbo wa Rule, Britannia! unawaumiza wengi, kwamba haoni kuwa unafaa kuendelea kuimbwa pale, na kwamba zipo nyimbo nzuri za wananchi wa visiwa vile zingeweza kuchukua nafasi yake. Hakumtukana mtu. Matusi ya ubaguzi yaliyomiminika dhidi yake na jamaa zake yaliwashtua hata waliokuwa hawakubaliani naye. Wale waliompigia makofi alipokuwa akipiga harusini walionekana kusahau kuwa mwenye mikono ile ana na kinywa. Ni wimbo unaojisifu kwamba Waingereza hawatakuwa watumwa kamwe, nao ulitungwa katika karne ambayo meli zao zilikuwa zikiwabeba watumwa. Kijana ambaye mababu zake wa upande mmoja walipelekwa Antigua anayo haki ya kuwa na rai juu yake.

Lakini yeye mwenyewe, kila apatapo nafasi, husema zaidi juu ya jambo jingine, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Ngazi aliyopandia inang'olewa nyuma yake. Masomo ya ala katika shule za umma za Uingereza, ambayo kizazi kilichotangulia kiliyapata bure au kwa ada ndogo, yamepunguzwa mwaka hata mwaka, kwa kuwa bajeti inapokazwa muziki huwa wa kwanza kukatwa. Mei 2018, mwezi ule ule wa harusi, washindi wa mashindano ya BBC wa miaka mbalimbali walitoa barua ya hadhara wakitaka kila mtoto wa shule ya msingi apewe nafasi ya kujifunza ala bila ya malipo. Sheku alikuwa mmoja wao. Habari hiyo ilichapwa, lakini haikupata hata sehemu ndogo ya kurasa zilizopewa gauni la bibi arusi.

Nayo shule yake ya Trinity ilifikia hatua ambapo watoto waliokuwa wakijifunza selo wangelazimika kuacha. Sheku alitoa pauni 3,000 kutoka mfukoni mwake, na watoto 10 wakaendelea. Tendo hilo ni la heshima. Lakini msomaji apige hesabu mwenyewe. Pauni 300 kwa mtoto mmoja ndizo zilizokuwa tofauti baina ya kuendelea na kuacha. Na nchi iliyoshindwa kuzipata ni miongoni mwa nchi tajiri duniani, nchi ile ile inayomweka kijana huyu mbele ya kamera kila inapotaka kuonyesha jinsi ilivyobadilika. Je, ikiwa mwaka 2005, wakati mtoto Sheku ana umri wa miaka 6, palikuwa hapana mwalimu wa selo karibu naye, wala ufadhili wa Jumamosi miaka mitatu baadaye, nani angejua kwamba kitu fulani kimepotea? Kipaji ambacho hakikufunzwa hakiachi pengo linaloonekana. Hakuna gazeti litakaloandika juu ya mpigaji selo ambaye hakuwa.

Mwaka 2022 Sheku alihitimu masomo yake ya juu katika Royal Academy of Music. Mwezi Mei mwaka huo huo chuo hicho kilimteua kuwa profesa mgeni wa kuwalea wanamuziki vijana. Alikuwa na umri wa miaka 23. Jengo ni lile lile la Marylebone Road aliloingia akiwa na miaka 9, na Jumamosi za muhula bado huingia humo watoto waliobeba masanduku ya selo yanayokaribia vimo vyao, wengine wakiwa wameamka usiku ili kuwahi garimoshi.